Deeping: Jina Moja, Vijiji Vitano na Kinamasi Kilichokaushwa

Katika nyanda za chini za mashariki mwa Uingereza, ambazo huizunguka ghuba ya The Wash na hujulikana kwa jina la Fens, majina ya vijiji huja kwa makundi. Magharibi ya mji wa King's Lynn kuna Terrington St Clement na Terrington St John, kisha Walpole St Peter na Walpole St Andrew, na kusini ya mji huo, kando ya mto Great Ouse, vimekaa vijiji vinne vinavyoitwa Wiggenhall, ambavyo kila kimoja hutambulikana kwa jina la mtakatifu wa kanisa lake. Upande wa Lincolnshire hali ni hiyo hiyo, isipokuwa kwamba huko umbali baina ya wenye jina moja huwa mkubwa zaidi: Gedney Drove End iko karibu na matope ya bahari, ilhali Gedney Hill iko ndani ya bara, mwendo wa kilomita 20 na zaidi. Sababu ni umbo la parokia, yaani eneo lililohudumiwa na kanisa moja na kulipa zaka kwake. Parokia za huko zilikatwa kwa vipande virefu na vyembamba, kuanzia pwani hadi kwenye vinamasi vya ndani, ili kila jamii ipate malisho ya kondoo penye chumvi, mashamba ya nafaka katikati, na samaki, matete na kuni za udongo upande wa pili. Watu walipohamia miisho ya kipande chao na kujenga huko, walichukua jina la nyumbani wakaliongezea neno la kulitofautisha.

Mfano mmoja wa makundi hayo unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake jina halikuwaunganisha wanavijiji tu, bali liliwaunganisha na kinamasi chenyewe. Katika ukingo wa magharibi wa Fens, pale mto Welland unapotoka kwenye ardhi ya juu na kuingia katika tambarare, kuna West Deeping, Market Deeping, Deeping St James na Deeping Gate. Na kaskazini-mashariki yake, kwenye barabara iendayo Spalding, kuna Deeping St Nicholas, kijiji kilichoanzishwa kwenye ardhi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa chini ya maji kila majira ya baridi yalipofika. Ardhi hiyo ni Deeping Fen, yaani Kinamasi cha Deeping, kilichobanwa baina ya mito miwili, Welland kusini na Glen kaskazini. Kwa watu wa vijiji hivi, kujiita wa Deeping kulimaanisha kwanza kuwa na haki ndani ya kinamasi hicho, na historia ya jina hilo ni historia ya namna haki hiyo ilivyotumiwa, ilivyogombewa, ilivyogawanywa, na hatimaye ilivyokwisha.

Vijiji vya awali havikuwekwa mahali pake kwa bahati. Vimejengwa juu ya changarawe iliyoletwa na Welland katika zama za barafu, ardhi iliyoinuka kidogo tu kuliko kinamasi lakini yenye kukauka upesi baada ya mvua, na yenye maji matamu ya visima. Warumi waliuona ukingo huo kabla ya Waingereza: barabara yao inayoitwa King Street hupita West Deeping ikielekea kaskazini, na mfereji wao mrefu uitwao Car Dyke, ambao wanazuoni bado wanabishana iwapo ulichimbwa kwa ajili ya mashua au kwa ajili ya kukinga maji ya mlimani, hufuata mpaka wa changarawe na kinamasi kutoka Peterborough kuelekea Lincoln. Katika zama hizo, maji ya bahari yalipokuwa yakifika mbali ndani ya bara, watu wa eneo hili walipika chumvi kwa kuchemsha maji kwenye vyungu vya udongo. Baadaye bahari ilirudi nyuma, maji ya mito yakakosa njia ya kutokea, na kinamasi kikatanda.

Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya mahali penye kina, na wataalamu wa majina wanakubaliana kwamba kina kilichokusudiwa ni cha kinamasi. Kwa hiyo kinamasi ndicho kilichovipa vijiji jina, kisha vijiji, vilipokua na kudai haki zao, vikakirudishia kinamasi jina hilo hilo kama alama ya umiliki. Katika Kitabu cha Domesday, ambacho ni daftari la mali na kodi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya William Mshindi, tayari kuna Deeping mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Ya Magharibi imebaki na jina hilo mpaka leo. Ya Mashariki ilipasuka: sehemu moja ikajulikana kwa soko lake, nyingine kwa mtakatifu wake, na neno la mashariki likafifia katika matumizi ya watu.

Mpasuko huo haukutokana na ugomvi wa wenyeji, bali ulitokana na mabwana. Mwaka 1139 Baldwin fitz Gilbert, mkuu wa Kinormani aliyemiliki Bourne na Deeping, alianzisha Deeping nyumba ndogo ya watawa Wabenedikto, akaiweka chini ya abasia ya Thorney iliyokuwa kusini, ndani ya vinamasi. Kanisa la nyumba hiyo liliwekwa wakfu kwa Mtakatifu Yakobo, na ukubwa wake, pamoja na safu ya nguzo nzito za Kinormani ambazo bado zimesimama, hauelezeki kwa hesabu ya waumini wa kijiji. Ni jengo la taasisi iliyokuwa na ardhi. Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, hii nayo ilivunjwa mwaka 1539, lakini kanisa likabaki kwa parokia, na jina la Yakobo likabaki kwa kijiji. Market Deeping, yenye soko lake kwenye njia panda karibu na mto, ilijitenga kwa shughuli zake, ingawa kanisa lake nalo lina historia ya vinamasi: limewekwa wakfu kwa Mtakatifu Guthlac, askari wa kabila la Wamercia aliyeacha vita akaenda kuishi peke yake katika kisiwa cha matope cha Crowland, akafia huko mwaka 714. Dada yake, Pega, aliishi kwenye ukingo wa kusini, na kijiji cha Peakirk kinachukua jina kutoka kwake.

Abasia iliyojengwa juu ya kaburi la Guthlac huko Crowland ilikuwa jirani mkubwa na mgumu wa watu wa Deeping, na mengi yanayosemwa juu ya mwanzo wa Deeping yalitoka kwa watawa wake, jambo linalohitaji tahadhari. Simulizi inayorudiwa sana ni ile ya Richard de Rulos, mtumishi wa mfalme William, ambaye inasemekana aliujengea mto Welland tuta kubwa, akageuza mabwawa kuwa bustani na kujenga kijiji penye matope. Simulizi hiyo imo katika tarihi ya Crowland iliyodaiwa kuandikwa na abati Ingulf katika karne ya 11, lakini watafiti wa karne ya 19 walithibitisha kwamba sehemu hiyo ni ya kughushi, na kwamba iliandikwa karne kadhaa baadaye na watu waliotaka hati za kuunga mkono madai yao mahakamani. Kwamba matuta ya mto yalikuwapo zamani ni kweli. Kwamba mtu mmoja aliufanya muujiza wote huo katika kizazi kimoja ni vigumu kukubali. Hata hivyo, uongo wenyewe una faida kwa mwanahistoria, maana watawa wasingejisumbua kughushi hati kama kinamasi kingekuwa ardhi isiyo na thamani.

Na thamani ilikuwapo, tena kubwa. Wageni waliopita juu ya tuta wakati wa baridi waliona maji, ukungu na matete tu, wakaandika kwamba nchi hiyo ni jangwa la matope. Mwenyeji aliona ghala. Kinamasi kilikuwa na mikunga, samaki wembamba kama nyoka waliovuliwa kwa mitego ya matawi na kutumiwa mahali pengine badala ya fedha katika kulipa kodi za makabaila. Matete yaliezekea nyumba. Udongo wa mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa, ulikatwa kwa koleo nyembamba, ukaanikwa, ukawa kuni za jikoni kwa mwaka mzima. Majira ya kiangazi maji yalipopungua, nyasi zilichipua kwa nguvu kuliko mahali popote kwenye ardhi ya juu, na ng'ombe, farasi na kondoo wa vijiji vyote vya ukingoni waliingizwa pamoja bila ua wala mpaka baina yao. Desturi hiyo ya vijiji vingi kulisha katika eneo moja, kila kijiji kikiwa na alama yake ya kutia mifugo moto, ndiyo iliyokuwa moyo wa jina la Deeping. Langtoft, Baston, Spalding na Pinchbeck nazo zilikuwa na sehemu yao, lakini kinamasi kiliitwa kwa jina la wale waliokuwa na dai kubwa zaidi.

Ndege walikuwa na uchumi wao peke yake. Bata bukini walifugwa kwa maelfu, nao walinyonyolewa wakiwa hai mara kadhaa kwa mwaka, manyoya laini yakienda kwenye magodoro na yale magumu ya mabawa yakichongwa kuwa kalamu za kuandikia. Bata mwitu walikamatwa kwa namna ya ajabu ambayo bado inaweza kuonekana Borough Fen, karibu na Peakirk, kwenye bwawa la mtego lililokuwapo tangu karne ya 17 na ambalo baadaye lilitumiwa kuwavisha ndege pete za utafiti. Kutoka kwenye bwawa hilo hutoka mifereji iliyopinda, ambayo imefunikwa na matao ya wavu yanayozidi kuwa mafupi na membamba kadiri mfereji unavyoendelea, na kando ya kila mfereji kuna viambaza vya matete vilivyopangwa kwa mshazari ili mtegaji aweze kupita nyuma yake bila kuonekana. Mtegaji humwachia mbwa mdogo, mwenye rangi ya mbweha, atokeze baina ya viambaza na kupotea, atokeze tena mbele kidogo na kupotea. Na bata, ambao kwa tabia yao humfuata adui wakimchunguza badala ya kumkimbia, huogelea nyuma yake hadi kona ya mfereji iwafiche wenzao. Hapo mtegaji hujitokeza nyuma yao, nao huruka kwa hofu kuelekea mbele, kwenye mwisho mwembamba wa wavu. Bata waliobaki bwawani hawaoni wala hawasikii kitu. Kwa ufundi huo maelfu ya bata walipelekwa kwenye masoko ya London kila msimu.

Ghala kama hilo halikosi wagombanaji. Mwaka 1189, uvumi ulipoenea kwamba Mfalme Henry II amekufa, watu wa Spalding, Pinchbeck na vijiji vingine vya sehemu ya Lincolnshire iitwayo Holland walivamia kinamasi cha abasia ya Crowland, wakagawana malisho na sehemu za kukata mboji, wakapiga mahema na kukaa. Kesi iliyofuata ilichukua zaidi ya miaka kumi mbele ya mahakama za wafalme watatu. Watu wa Deeping walikuwa na ugomvi wao na Crowland, mrefu zaidi, uliorudi tena na tena katika zama za kati, nao walikuwa na bahati ya kuwa chini ya mabwana wenye nguvu: ukoo wa Wake, kisha warithi wake, ambao miongoni mwao alikuwapo Joan wa Kent, mama wa Mfalme Richard II. Mvuvi wa Deeping aliyevunja mtego wa watawa alijua kwamba nyuma yake kuna mtu anayesikika mahakamani.

Maisha ya kinamasi yalikuwa na gharama yake, nayo ilikuwa homa. Wenyeji waliiita kwa jina la homa ya vipindi, kwa kuwa ilimshika mtu kwa kutetemeka, ikamwacha, kisha ikamrudia baada ya siku kadhaa kwa saa ile ile. Sayansi ya leo inaitambua kuwa malaria ya aina ya vivax, iliyoenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles wanaozaana kwenye maji ya vinamasi. Haikuwa kali kama ile ya Afrika ya tropiki, lakini ilidhoofisha watu kizazi baada ya kizazi, na dawa yao ya kawaida ilikuwa chai ya vichwa vya mpopi uliopandwa bustanini, na baadaye afyuni iliyouzwa wazi na wauza dawa siku za soko. Katika karne ya 19 Fens ilijulikana kote Uingereza kwa ulaji wa afyuni, na madaktari waliochunguza jambo hilo waliikuta hata kwa kina mama wenye watoto wachanga. Homa ilipungua polepole kadiri maji yalivyoondolewa, mifugo ilivyowekwa zizini na kuwavuta mbu, na nyumba zilivyokuwa bora.

Kuondoa maji, hata hivyo, hakukuanzishwa kwa ajili ya afya ya mtu yeyote. Mwanzoni mwa karne ya 17, chini ya Malkia Elizabeth na kisha James I, matajiri walianza kuingia mapatano na ufalme ya kukausha vinamasi kwa fedha zao, kwa masharti ya kupewa sehemu ya ardhi itakayokauka. Waliitwa watu wa kubahatisha, kwa sababu walitia mtaji kwenye jambo ambalo hakuna aliyejua litafaulu. Kapteni Thomas Lovell alikuwa wa kwanza kujaribu kwa dhati katika Kinamasi cha Deeping, akatumia mali nyingi, akashindwa na maji na wenyeji kwa pamoja. Katika miaka ya 1630 kundi jingine, ambamo alikuwamo Mholanzi Philibert Vernatti, lilichimba mifereji mipya, na mmoja mkubwa, unaotoa maji ya kinamasi na kuyapeleka kwenye Welland chini ya Spalding, bado unaitwa kwa jina lake. Lakini mapatano hayo yalikuwa na kasoro ambayo wahandisi hawakuitilia maanani: ardhi waliyoahidiwa matajiri haikuwa tupu. Kila hekta iliyozungushiwa mtaro ilikuwa malisho ya kiangazi ya mtu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642 na serikali ikakosa nguvu ya kulinda matuta, wenyeji walirudi, wakaharibu kazi na kuingiza mifugo yao. Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, Bunge lilitunga sheria mpya ya kukausha Deeping, na mzunguko ukaanza upya.

Jaribio lenye kuvutia zaidi ni la Kapteni John Perry, aliyehamia Spalding mwaka 1729. Alikuwa mwanamaji aliyegeuka mhandisi, akafanya kazi Urusi kwa Tsar Petro Mkuu katika mipango ya kuunganisha mito Volga na Don, akaondoka huko bila kulipwa stahili zake, akaandika kitabu juu ya nchi hiyo, na baadaye akajipatia sifa kwa kuziba ufa ambao mto Thames ulikuwa umeufungua katika tuta la Dagenham. Deeping aliichukua kama biashara yake ya mwisho, akafariki mapema mwaka 1733 kabla ya kuiona ikifaulu. Tatizo alilolikuta halikuwa la ujuzi. Kinamasi kilikuwa kimeanza kushuka chini ya usawa wa mito iliyotakiwa kupokea maji yake, na mfereji, hata uchimbwe kwa ustadi namna gani, haupandishi maji mlimani. Ilibidi yanyanyuliwe, na nguvu pekee iliyopatikana ilikuwa upepo. Makumi ya vinu vya upepo vilijengwa katika karne hiyo, kila kimoja kikizungusha gurudumu la kuteka maji, navyo vilisimama kwa utulivu wa hewa siku zile zile ambazo mvua na ukungu vilikuwa vimejaza mitaro.

Wakati kinamasi kikipiganiwa, vijiji vya changarawe viliendelea kuishi kwa mto. Katika miaka ya 1660 na 1670 ulichimbwa mfereji wa mashua kutoka Stamford hadi Market Deeping, wenye urefu wa takriban kilomita 15 na malango 12 ya kupandisha na kushusha mashua, miaka mia moja kabla ya Uingereza kuingia katika homa ya kuchimba mifereji. Ulibeba mawe, kimea cha pombe na makaa, ukafa baada ya reli kufika. Daraja la mawe la Deeping Gate, lenye tarehe ya 1651 iliyochongwa juu yake, liliunganisha kaunti mbili, kwa kuwa Welland ulikuwa mpaka wa Lincolnshire na Northamptonshire, na Deeping Gate, licha ya jina lake, ilikuwa ng'ambo, katika parokia ya Maxey. Na katika Deeping St James kuna kitu kidogo kinachoonyesha jinsi kijiji kilivyotunza amani yake: msalaba wa mawe wa zama za kati, ambao mwaka 1819 uligeuzwa kuwa mahabusu. Ndani ya chumba chake, ambamo mtu mrefu hawezi kujinyoosha, mna viti vitatu vya mawe vilivyochongwa ukutani, na minyororo ya kumfunga mlevi au mgomvi hadi hakimu apatikane.

Mwisho wa ardhi ya pamoja ulikuja kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1801, iliyoruhusu malisho ya Deeping, Langtoft, Baston, Spalding, Pinchbeck na majirani wao yagawanywe. Kugawanya, katika lugha ya sheria za namna hiyo, kulimaanisha kwamba kila mwenye haki ya malisho iliyothibitishwa kwa hati alipewa kipande chake cha kuzungushia mtaro, na aliyekuwa akilisha kwa mazoea bila hati hakupewa kitu. Mkulima mwenye mashamba makubwa ukingoni alitoka na shamba jingine. Mfugaji wa bata bukini, ambaye ng'ombe wake mmoja na kuni zake zilitegemea kinamasi, alitoka akiwa kibarua. Hakuna tukio katika historia ya vijiji hivi lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi, na hakuna lililoacha alama chache zaidi za maandishi kutoka kwa walioumia.

Kilichobaki kilikuwa maji, nayo yalishindwa kwa mvuke. Pode Hole, magharibi ya Spalding, ndipo mifereji mikuu ya kinamasi inapokutana, na katika miaka ya 1820, kwa michoro ya mhandisi Benjamin Bevan, zilisimikwa hapo injini mbili, moja ya nguvu za farasi 80 na nyingine 60, zilizopewa majina ya Holland na Kesteven kwa heshima ya sehemu mbili za Lincolnshire zilizofaidika nazo. Kila injini ilizungusha gurudumu la chuma na mbao lenye kipenyo cha takriban mita 9, lililoninginia ndani ya mfereji mwembamba wa mawe. Mabapa yake yaliyasukuma maji ya upande wa chini, yakayapandisha kwenye mteremko na kuyamwaga upande wa pili, juu ya kizingiti, ambako mlango wa mbao ulijifunga wenyewe kwa uzito wa maji pindi gurudumu liliposimama. Makaa yaliletwa kwa mashua. Mvua iliponyesha usiku kucha moto uliwashwa usiku kucha, na vinu vya upepo, ambavyo vilikuwa vimetawala mandhari kwa karne nzima, vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Injini hizo zilifanya kazi kwa takriban miaka mia moja kabla ya kupisha zile za dizeli.

Hapo ndipo Deeping ya tano ilipozaliwa. Kinamasi kilikuwa eneo lisilo na parokia, jambo lililomaanisha kwamba waliokaa ndani yake hawakuwa na kanisa, na pia hawakuwa na chombo cha kuwasaidia maskini. Hali hiyo iliwafurahisha wenye ardhi kwa kuwa hawakulipa kodi ya maskini. Mwaka 1846 kanisa la Mtakatifu Nikolao lilikamilika na parokia ya Deeping St Nicholas ikaundwa, na mwaka 1848 reli ya kutoka Peterborough kwenda Spalding ikapita hapo. Umbo la kijiji linatangaza umri wake. Hakina uwanja, hakina njia panda ya kale, hakina kona za kupotea. Nyumba zimepangwa kando ya barabara moja iliyonyooka kwa kilomita kadhaa, kila shamba na mlango wake. Nyumba za vibarua zilikuwa chache kwa makusudi, hivyo kazi ya kupalilia na kuvuna viazi katika nyanda hizi ilifanywa na makundi ya wanawake na watoto yaliyotembezwa kutoka vijiji vya mbali na msimamizi aliyelipwa kwa kazi, mtindo ambao Bunge lililazimika kuuwekea masharti kwa sheria ya mwaka 1867.

Ardhi iliyokaushwa haikutulia. Mboji ikikosa maji hunywea, kisha hugusana na hewa na kuoza, na upepo wa machipuko huibeba kama vumbi. Kusini zaidi, katika kinamasi cha Holme, nguzo iliyozamishwa mwaka 1851 hadi kichwa chake kilingane na ardhi sasa imesimama takriban mita 4 juu yake. Kinamasi cha Deeping, ambacho sehemu yake kubwa ina udongo wa tope la bahari chini ya mboji, hakikushuka kwa kiasi hicho, lakini kilishuka vya kutosha hata mito ikawa inapita juu ya mashamba, ikizuiwa na matuta peke yake. Machi 1947, theluji ya baridi kali ilipoyeyuka kwa ghafla, tuta la Welland lilipasuka karibu na Crowland na maelfu ya hekta zikafunikwa. Jeshi liliziba ufa kwa kuzamisha ndani yake magari ya deraya ya kuogelea. Kazi zilizofuata katika miaka ya 1950 zilijumuisha mfereji wa Maxey, unaoyachepusha maji ya mafuriko yasipite katikati ya Deeping, na mfereji mwingine unaoukwepa mji wa Spalding.

Leo ramani ya utawala imelikata jina hilo vipande vitatu. West Deeping, Market Deeping na Deeping St James zimo katika wilaya ya South Kesteven. Deeping St Nicholas imo South Holland. Na Deeping Gate, baada ya kupitishwa kutoka Northamptonshire hadi kaunti ya muda mfupi ya Huntingdon na Peterborough mwaka 1965, na kisha Cambridgeshire mwaka 1974, iko chini ya jiji la Peterborough. Market Deeping na Deeping St James zimeungana kwa nyumba mpya kiasi kwamba mgeni haoni mpaka, ingawa kila moja ina baraza lake. Chombo cha serikali ambacho bado kinalitumia jina kwa maana yake ya zamani, bila kujali wilaya, ni Bodi ya Mifereji ya Welland and Deepings, ambayo huendesha pampu za Pode Hole na kutoza ada kwa kila mwenye ardhi ambayo, pasipo pampu hizo, ingerudi majini.